Rimu za 15, nivalishe tairi gani?

Swali: Fundi habari. Niko Kisumu, gari ina rimu za kiwanda na tairi za 185/65R15, sasa zimeisha. Muuzaji mmoja ananiambia niweke 205/65R15 ndio gari iinuke kidogo. Ni sawa?

Jibu: Salama ndugu yangu. Hiyo achana nayo. Tairi yako ina kimo cha milimita 621 hivi, hiyo ingine inafika 647, yaani imezidi kama asilimia 4, so spidomita ikisoma 100 wewe uko 104, na ukikata kona kali inaweza kusugua madigadi. Ukikosa saizi yako chukua 195/60R15, tofauti ni asilimia 1 tu, bora rimu iwe na upana wa inchi 5.5 au 6 (imeandikwa kwa rimu yenyewe) na namba ya mzigo (ile inayoonyesha uzito tairi inaweza kubeba, huandikwa ubavuni baada ya saizi) isishuke chini ya ile ya zamani.

Halafu kama ni za mtumba angalia alama ya mlima na theluji ubavuni, hizo za baridi raba yake ni laini na kwa hii jua ya Kisumu, aki, zitaisha ukiangalia.