Maswali ya wasomaji: boti ya mwendo kasi inakula kiasi gani?

SWALI: Tuko watatu, tunataka kununua boti ya faiba ya futi 28 yenye mashine mbili za HP 200, fostroki, tupeleke wageni kati ya Dar es Salaam na Unguja. Muuzaji anasema safari ni lita 100 tu za petroli. Tukipanga nauli kwa hesabu hiyo tutafika?
Msomaji, Msasani

JIBU: Hamtafika. Lita 100 ni za kwenda peke yake, bahari ikiwa shwari na chini ya boti kukiwa safi.

Mashine ya petroli ya fostroki ikifunguliwa moto mpaka mwisho hula karibu lita 38 kwa saa kwa kila nguvu za farasi 100 (HP). Mashine zenu mbili zitakula kama lita 150 kwa saa. Hakuna nahodha mwenye akili anayekwenda hivyo kutwa nzima. Akishusha hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, ulaji hushuka karibu nusu, tuseme lita 75, na boti ya ukubwa huo itakwenda kama noti 28, yaani maili 28 za baharini kwa saa. Dar hadi Unguja ni maili 40 hivi za baharini, yaani saa 1 na dakika 25, lita 107. Kwenda na kurudi ni lita 214. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 642,000 kabla hamjamlipa nahodha. Na msitoke na lita 214 tankini. Desturi ya baharini ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya akiba, kwa hiyo tanki liwe na lita 320.

Kusi likivuma hesabu inaharibika. Mawimbi yakimlazimisha nahodha kushuka hadi noti 12, boti haielei tena juu ya maji: pua inanyanyuka, mkia unazama, mashine zinasukuma mlima wa maji. Mwendo huo wa katikati ndio mlafi kuliko yote kwa kila maili. Kupunguza moto kidogo hakuokoi mafuta. Ama boti ipande juu ya maji sawasawa, ama iende polepole kabisa, noti 6 hivi.

Baada ya mafuta kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliingizi kwenye hesabu. Sevisi ni kila saa 100 za mashine. Mwenye boti ya matembezi anazifikisha kwa mwaka. Ninyi kila safari ya kwenda na kurudi ni saa 3, na mkipiga safari 5 kwa wiki, saa 100 zinatimia ndani ya wiki 7. Kila mara ni oili ya injini lita 4 hadi 8 kwa kila mashine kutegemea modeli, yenye alama ya FC-W ya mashine za baharini (oili ya gari haina kinga ya kutosha dhidi ya kutu ya chumvi), filta yake, oili ya gia, filta ya petroli, na kukagua plagi na anodi (vipande vya chuma vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine). Kila saa 200 badilisheni impela, panga la mpira linalosukuma maji ndani ya pampu ya maji. Kwa modeli zenye mkanda wa taimingi, mkanda hubadilishwa kwa saa 1,000 au miaka 5, kinachotangulia.

Wekeni pia propela za akiba, na ziwe mbili. Kwenye boti ya mashine mbili kubwa, kwa kawaida moja huzunguka kulia na nyingine kushoto, kwa hiyo propela moja ya akiba haiwezi kuziba pande zote. Halafu chukueni bei ya mashine mbili mpya, igawanyeni kwa saa 2,000 za maisha yake, na kiasi hicho kiwekeni benki kwa kila saa mnayotembea. Asiyefanya hivyo anakula mtaji akidhani ni faida. Ukaguzi na leseni za TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), au ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar) kwa chombo kilichosajiliwa Zanzibar, pamoja na bima na maboya ya kuvaa, viingie kwenye bajeti ya mwaka.

SWALI: Tumemwaga oili ya gia, imetoka nyeupe kama chai ya maziwa. Fundi anataka tununue gia boksi nzima. Ni kweli?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Msinunue bado. Rangi hiyo ni maji ya chumvi yaliyoingia kwenye oili, na huku kwenye wavuvi wengi mkosaji wa kwanza ni mshipi wa nailoni. Vueni pini, nati na propela, kisha angalieni nyuma yake kwenye shafti. Mara nyingi mtakuta nailoni imejisokota, imeyeyuka kwa joto na kukata ukingo wa sili, mpira unaozuia maji yasiingie penye shafti. Sili ni kitu cha bei ndogo. Gia boksi si mwenzake.

Angalieni sumaku ya skrubu ya chini. Ikiwa na tope laini la kijivu, ni uchakavu wa kawaida. Ikiwa na vipande vya chuma, meno yameanza kukatika, na hapo fundi wenu ana haki.

Baada ya kubadili sili, pimeni kwa upepo wa psi 10 (kipimo cha presha, kama cha tairi), usizidi 15, huku mkipaka maji ya sabuni. Povu likitokea, bado inavuja. Oili mpya jazeni kutoka tundu la chini mpaka itoke tundu la juu, ndipo hewa itoke yote. Fungeni skrubu ya juu kwanza, kisha ya chini, kwa washa mpya. Baada ya saa chache za kazi, legezeni skrubu ya chini kidogo mwone rangi.

SWALI: Maji baridi tunayanunua. Lazima kusuuza mashine kila siku?
Msomaji, Lamu

JIBU: Lazima. Chumvi hukauka kwenye thamostati (vali inayodhibiti joto la mashine) na njia nyembamba za maji, mashine ikaanza kupiga king'ora cha joto na kujipunguza kasi. Dakika 10 hadi 15 kila jioni zinatosha. Kama mnatumia tundu la mpira lililo kwenye mashine, mashine iwe imezimwa: maji ya tundu hilo hayapiti kwenye pampu vya kutosha, na impela ikizunguka kavu huungua kwa sekunde chache.

SWALI: Boti yetu inalala majini. Kasi imepungua, lakini mashine ni nzima.
Msomaji, Kilifi

JIBU: Ipandisheni maji yakipwa mtazame chini. Mwani na makombe madogo magumu huota upesi katika maji yetu ya moto, na mizunguko ya juu hushuka hata moto ukifunguliwa wote. Kwarueni, pakeni rangi ya kuzuia mwani, na boti ikiwa imefungwa inueni mashine zitoke majini. Msipake rangi anodi. Ikifunikwa haifanyi kazi, na kitakacholiwa na chumvi ni alumini ya mashine. Ikibaki nusu, badilisheni.