Hilux 3L inapiga tik-tik asubuhi

Mkuu, umesema Hilux yako yenye injini ya dizeli ya 3L inapiga tik-tik asubuhi na fundi anataka kushusha injini. Kama mlio unapungua injini ikipata moto, usikubali. Kwanza vuta stiki ya oili, gari liwe limesimama pa tambarare. Imepungua? Ongeza, usikilize tena.

Iko sawa? Washa ikiwa bado baridi, sogeza kiganja karibu na maungio ya manifoldi ya eksozi (bomba la chuma linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) bila kugusa (shati la mikono mirefu vua, feni haina huruma). Ukihisi upepo unapigapiga kiganjani, au ukaona masizi meusi pembeni ya gaskiti (kizibo chembamba kati ya manifoldi na injini), panavuja. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba, ndiyo maana kelele inapotea. Gaskiti mpya, nati zikazwe, basi.

Hakuna masizi? Pima tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu, injini ikiwa baridi kabisa: valvu za kuingiza hewa 0.20 hadi 0.30 mm, za eksozi 0.40 hadi 0.50. Hizo hurekebishwa kwa kubadilisha shimu (visahani vya chuma vya unene tofauti), kwa hiyo fundi akija na bisibisi tu, muulize anaenda kukaza nini.

Ila ukisikia ko-ko-ko nzito inayozidi ukikanyaga mafuta, zima hapo hapo. Hiyo huenda ni beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti.