Maswali yenu, majibu yetu: Nani anaisoma simu yangu?

Mama wa watoto watatu, Kadutu, Bukavu: Mume wangu ananirudishia maneno niliyomwandikia dada yangu kwenye WhatsApp, neno kwa neno. Simu alininunulia yeye. Siku hizi betri inaisha haraka. Fundi anataka dola 20 ili atoe virusi. Nimlipe?

Mama, hizo dola 20 baki nazo kwanza. Betri ni shahidi mbaya: simu iliyozeeka huisha chaji bila kupelelezwa na mtu. Kinachosema kweli katika barua yako ni yale maneno yanayorudi jinsi yalivyoandikwa, tena ya WhatsApp. Mara nyingi hapo hakuna programu yoyote ya siri. Kuna mtu aliyeshika simu ikiwa wazi, nusu dakika tu.

Fungua WhatsApp, gusa vitone vitatu vya juu, kisha Appareils connectés (vyombo vilivyounganishwa). WhatsApp inakubali vyombo vinne zaidi ya simu yenyewe. Ukikuta Chrome au Windows nawe huna kompyuta, mlango ndio huo. Chini ya jina pana saa kilipotumika mara ya mwisho. Usikifunge bado.

Ukigusa Se déconnecter (kukiondoa), naye ataona upande wake kwamba amefungiwa. Kama ni mtu wa kupiga, au umeshaanza kumwogopa, piga picha ya ukurasa huo kwa simu ya dada yako (picha ya skrini itabaki ndani ya simu ileile inayochunguzwa), panga utalala wapi, ndipo ufunge. Kwa sasa, mazungumzo ya siri yafanyie kwenye simu nyingine kabisa. Hospitali ya Panzi, hapo hapo mjini kwenu, inasaidia wanawake upande wa sheria pia, si matibabu tu. Na Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya siri ya barua na mawasiliano yake. Kila mtu, mama, na mke ni mtu.

Kama WhatsApp ni safi, angalia alama za vidole: Paramètres (mipangilio ya simu), Sécurité, Empreinte digitale. Ulisajili kidole kimoja, na orodha inaonyesha Empreinte 1 na Empreinte 2? Ya pili si yako. Futa zote, badilisha namba ya siri ya skrini, sajili upya ukiwa peke yako. Wengi huweka ile PIN ya tarakimu sita ya WhatsApp wakadhani wamefunga kila kitu. Ile inazuia mtu kuhamishia namba yako kwenye simu nyingine. Kuunganisha kompyuta haizuii.

Kisha Gmail. Aliyenunua simu mara nyingi ndiye aliyefungua akaunti, na mwenye neno la siri anaweza kuona picha, majina ya watu wako, hata mahali simu ilipo, bila kuweka kitu ndani ya simu. Ingia Paramètres, Google, Gérer votre compte Google, kisha Sécurité, uone Vos appareils (vyombo vyako). Toa visivyo vyako na ubadilishe neno la siri. Usiishie hapo: angalia namba na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Zikiwa zake, atarudi kabla chai yako haijapoa. Kwenye Google Maps, gusa picha yako, kisha Partage de position, uone nani anaonyeshwa mahali ulipo.

Programu ya siri itafutwe baada ya hayo yote. Menyu hutofautiana kati ya simu na simu, kwa hiyo tumia alama ya kutafutia iliyo juu ya Paramètres: andika accessibilité, halafu administration, halafu accès aux notifications. Programu nyingi za kupeleleza hutegemea mojawapo ya ruhusa hizo, nazo hujipa majina ya kujifanya sehemu ya mfumo. Kitufe cha Désinstaller (kuondoa programu) kikikataa kubonyezeka, mara nyingi ni kwa sababu programu imepewa ruhusa ya administration, yaani ya kuisimamia simu. Iondolee ruhusa hiyo kwanza. Angalia pia Play Protect, mlinzi wa Google dhidi ya programu mbaya, ndani ya Play Store. Ukiikuta imezimwa nawe hukuizima, kuna aliyeizima.

Kufuta simu yote huondoa programu za aina hii, lakini ujue kwanza neno la siri la Gmail, la sivyo simu inaweza kukufungia nje. Baadaye pakua programu kutoka Play Store tu.

Kijana wa Birere, Goma: Nilipiga *#62# nikaona namba nisiyoijua. Simu inapata moto. Ninasikilizwa?

Kwa ushahidi huo, hapana. *#62# inauliza mtandao jambo moja: simu ikizimika au ikikosa mtandao, anayepiga apelekwe wapi? Kwa kawaida namba unayoona ni ya sanduku la sauti la kampuni yako. Angalia zaidi *#21#, kwa sababu hiyo huuliza kama simu zote zinahamishwa hata ukiwa hewani. Ikionyesha namba ya mtu, piga ##002# ufute uhamisho wote. Na mtu akikuomba upige namba inayoanza na *21* au **21*, kataa: simu zako zitakwenda kwake, pamoja na ile ya sauti inayotaja namba ya kuthibitisha WhatsApp.

Kuhusu moto, mpakani simu yako huyumba kati ya minara ya Goma na ya Gisenyi, Rwanda, na mawimbi yakiwa hafifu huongeza nguvu ya kurusha. Ingia Réseau mobile, zima Sélection automatique, chagua kampuni yako, uiangalie siku mbili.

Baba wa familia, Kamalondo, Lubumbashi: Nina kisanduku cha TV cha bei nafuu na kamera ya getini. Mega za intaneti zinaisha usiku tumelala.

Chomoa kisanduku usiku mmoja, uhesabu mega asubuhi. Tangu 2023 watafiti wamegundua visanduku vya Android, T95 ikiwemo, vilivyotoka kiwandani na programu mbaya ndani. Mwezi wa 6 mwaka 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo juu ya mtandao wa vyombo vilivyoambukizwa hivyo, uitwao BADBOX 2.0. Kazi yake kubwa si kuwasikiliza sebuleni. Hukopesha intaneti yenu kwa wengine na kubofya matangazo. Kukifuta hakusaidii, maana ugonjwa uko ndani ya mfumo wenyewe. Mega zikibaki, usikirudishe, na Gmail iliyokuwa ndani yake ibadilishe neno la siri.

Kamera ni habari nyingine. Fundi aliyeifunga huenda aliisajili kwa akaunti yake, kwa hiyo getini kwako anaona yeye pia. Bonyeza tundu la reset kwa pini, kama sekunde 10, mpaka taa ibadilike, kisha isajili kwa simu yako mwenyewe. Neno la siri la modemu nalo lisibaki admin. Fundi akidai lazima atumie simu yake kwa sababu ndiyo yenye mega, mnunulie mega, asajili kwenye simu yako wewe ukiwa umeishika.