Kwa mnaoanza kazi za utafiti wa kaya wa kurudia: mambo ya kujua kabla hujaenda fildi

Vijana wengi wanaoingia kwenye hizi kazi wamezoea utafiti wa kwenda mara moja, unafika kijijini, unajaza dodoso, unaaga, basi, hamuonani tena. Huu wa muda mrefu, ule tunaouita paneli, una tabia nyingine kabisa maana mtu yule yule unamrudia baada ya miaka miwili, mitano, wengine hata kumi na tatu, na kama hukujiandaa kumrudia tangu siku ya kwanza basi awamu ya pili utamtafuta kwa tochi. Nimezunguka kwenye hizi kazi kuanzia kudodosa, kusimamia timu mpaka kukaa ofisini kusafisha data, na kama kuna kitu kimoja cha kuwaachia ni kwamba awamu ya kwanza kazi yake kubwa ni kuifanya ya pili iwezekane. Mengine yote ninayoandika hapa yanatoka humo humo.

Kwanza mjue kwa nini watu wanajisumbua hivi. NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, wana ule utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, HBS, wa 2011/12 ulionyesha Tanzania Bara watu 28.2% wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, wa 2017/18 ikawa 26.4%. Sawa, imeshuka kidogo. Ila je hao 26.4% ni wale wale wa mwanzo au kuna waliotoka na wengine wakaingia? HBS haikujibu hilo, kwa sababu kila ikifanyika inachukua kaya nyingine. Swali hilo ndio kazi ya NPS, utafiti wa taifa wa paneli, ambao 2008/09 ulianza na kaya 3,265, wakarudiwa 2010/11 zikawa 3,924, 2012/13 zikafika 5,010. Hilo ongezeko msidhani waliongeza sampuli, ni wale wale wameoa, wameolewa, wamegombana na baba wakahama, na kila aliyejitenga akafuatwa na kaya yake mpya ikahesabiwa.

Hapo ndipo bajeti nyingi zinapovunjika mgongo. Mtu anapiga hesabu ya kaya elfu moja awamu ya kwanza, anaweka elfu moja awamu ya pili, mafuta yale yale, posho zile zile. Angalia Kagera. Kule ulianza utafiti wa afya na maendeleo, KHDS, 1991 mpaka 1994, Benki ya Dunia na Muhimbili, lengo likiwa kuelewa vifo vya watu wazima vilivyotokana na UKIMWI vinaiachaje kaya kiuchumi. Walikuwa na kaya zaidi ya 900 kwenye vijiji na mitaa 51. Waliporudi 2004 wakahoji zaidi ya kaya 2,700, na 2010 zaidi ya 3,300, wengine wako Mwanza, wengine Dar, wengine wameshavuka wako Uganda. Kwa hiyo ukikaa na bosi wako kupanga, swali la kwanza kabisa, kabla hata ya maswali ya dodoso, ni hili: tunafuata nyumba au tunafuata watu? Ukifuata nyumba ni rahisi, unarudi pale pale unahoji utakaowakuta, lakini wale waliohama ndio mara nyingi maisha yao yamebadilika zaidi na wewe umewaacha. Kule Kagera ilikuja kuonekana kwamba kati ya 1991 na 2004 matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki, sasa fikiria wangehoji waliobaki tu, wangeandika ripoti safi kabisa na stori yote ya mkoa ingekuwa imewapita.

Sasa kumpata mtu. Fomu ya ufuatiliaji mara nyingi inawekwa mwisho wa dodoso, mdodosaji amechoka, mhojiwa amechoka, jua linazama, inajazwa haraka haraka tu. Mimi naona ingekuwa sehemu ya kulindwa kuliko zote. Andika jina la kwenye kitambulisho na jina analoitwa pale mtaani, maana ukirudi ukauliza Anastazia hamjui mtu, ukisema Mama Koku unapelekwa mpaka mlangoni. Andika ndugu wawili watatu wanaoishi sehemu tofauti, sio wote wa nyumba ile ile, wakihama wanahama pamoja. Andika kanisa au msikiti anaosali, jina la balozi wa nyumba kumi, duka anapokopa. Namba za simu chukua nyingi uwezavyo ikiwemo ya jirani na ya mtoto aliye mjini, na usizitegemee sana, mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole 2019 kuingia 2020, ambao hawakusajili laini zilizimwa, orodha nyingi za namba za zamani zilikufa pale pale. Pointi za GPS chukua ukiwa mlangoni kwa mtu sio ukiwa umeegesha gari barabarani.

Kingine kinachosahaulika ni mipaka ya utawala. Chato ilikuwa Kagera, 2012 ikaenda Geita. Mwaka huo huo zikaja Simiyu, Katavi na Njombe, halafu 2016 Songwe. Kata zinagawanywa, vijiji vinagawanywa. Ukitumia namba ya msimbo ya mkoa na wilaya kama utambulisho wa kaya, awamu ya tatu utalia. Mpe kila kaya namba isiyo na maana yoyote ndani yake, na kila mtu namba yake, na namba ya aliyefariki au kuhama asipewe mtu mwingine kamwe. Nimeona data ambayo marehemu amefufuka akiwa na jinsia nyingine na umri wa miaka minne, kumbe mtoto mpya kapewa namba ya babu.

Halafu kaya yenyewe ni nini. Darasani wanasema watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, nzuri, ila nenda kwa mzee mwenye wake wawili uwanja mmoja majiko mawili, au nyumba ambayo kijana anasoma bweni, dada wa kazi anakula hapo ila kwao ni Singida, baba yuko machimboni anatuma hela anarudi Krismasi. Kila utafiti una kanuni yake ya miezi mtu anayotakiwa kuwepo, ishike kama ilivyo na uiandike, kwa sababu awamu ya pili ikibadili kanuni hata kidogo utaona kaya zimepungua watu ukadhani wamehama, kumbe ni tafsiri yako imehama.

Tuje kwenye hela. Usimuulize mkulima kipato chako kwa mwezi shilingi ngapi. Hana mwezi huyo. Ana msimu wa kahawa, ana vibarua vya hapa na pale, ana mbuzi aliuza ada ilipofika, na mahindi aliyokula mwenyewe bila kuyauza ambayo nayo ni kipato. Ndio maana kupima ustawi huku kwetu wengi wanategemea matumizi kuliko mapato, kilicholiwa na kununuliwa mtu anakikumbuka vizuri zaidi na hakimtishi. Mapato bado utayauliza lakini kwa vipande, shamba kwa shamba, biashara kwa biashara, na muulize mwenye nayo. Baba akisema mke wangu hana shughuli, subiri umpate mama mwenyewe, utakuta anauza vitumbua kila asubuhi na ana kikoba.

Na hata hayo matumizi namna ya kuuliza inabadili jibu. 2007 na 2008 kuna jaribio lilifanyika hapa Tanzania, kaya 4,000 kwenye wilaya 7, wakazigawa kwa bahati nasibu kwenye aina 8 za kuuliza matumizi, wengine shajara ya kuandika kila siku, wengine kukumbuka siku 7, wengine siku 14, orodha ndefu ya vyakula kwa wengine na fupi kwa wengine, na kiwango cha umaskini kikatoka tofauti kabisa kulingana na dodoso ulilopewa. Watu ni wa nchi hiyo hiyo, umaskini ni huo huo. Funzo kwa paneli ni kwamba ukishaanza na siku 7 kaa na siku 7, hata akija mtaalamu mpya na wazo zuri sana, mwambie aliweke pembeni kwa sampuli ndogo ulinganishe, asiguse dodoso mama.

Vipimo navyo. Debe, sado, fungu, kiroba, lumbesa, mkungu. Mkungu wa Bukoba na mkungu wa sokoni Dar vitu viwili tofauti, na fungu la nyanya likipanda bei halipandi bei, linapungua nyanya. Nenda sokoni na mzani kila eneo, nunua, pima, andika gramu na bei, piga picha, mdodosaji awe na picha za mafungu madogo na makubwa kwenye tableti. Inaonekana kazi ya kitoto lakini bila hiyo huwezi kulinganisha awamu mbili, bei ndio zinakuwa zimepanda wewe unasema watu wametajirika. Na orodha ya vyakula iendane na mahali, ukienda Kagera msimu wa senene na dodoso lisilo na senene umeacha kitoweo cha watu nje.

Kalenda pia, kwa kifupi tu: kaya uliyoihoji mwezi wa njaa irudie mwezi wa njaa. Ukiihoji Februari ghala liko tupu halafu urudi Julai watu wametoka kuvuna, utaona maendeleo ambayo hayapo. Mwezi wa Ramadhani nao matumizi ya chakula yana sura yake.

Kuingia kijijini mnajua, barua inaanza mkoani inashuka wilayani, kata, mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke hata ngazi moja, mwenyekiti aliyerukwa anaweza kukufungia kitongoji kizima kwa neno moja tu. Kilicho kigumu zaidi ni matarajio. Ukifika na tableti unauliza mbuzi wangapi, bati au nyasi, milo mingapi kwa siku, watu wanajua ni TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na mtu akidhani ni TASAF mbuzi wote wanakuwa wa shemeji. Eleza mapema, kwenye mkutano na tena mlangoni, kwamba hakuna atakayeandikishwa msaada wala kufutwa. Awamu ya pili jiandae na swali la "mlikuja mkaandika, sisi tulipata nini?" na usimdanganye mtu hapo. Kama kuna sabuni au sukari ya shukrani iwe sawa kwa wote. Mimi napenda timu irudi na karatasi moja ya Kiswahili yenye matokeo ya awamu iliyopita ikabandikwa ofisi ya kijiji, ni gharama ndogo sana na inafungua milango kuliko kilo ya sukari.

Timu sasa. Chukua watu wanaojua kuongea na wazee, lugha ya mahali ni faida kubwa, wawepo na wadada maana kuna maswali mama hatamjibu kijana wa kiume. Kulipa kwa idadi ya madodoso ni kualika watu wapike data, lipa kwa siku. Hata hivyo wapishi hawakosekani, na wanaonekana: dodoso la saa mbili limeisha dakika ishirini na tano, GPS za kaya sita ziko gesti, kila kaya haina biashara wala mifugo kwa sababu jibu la hapana linaruka maswali hamsini. Huyo wa mwisho ni wa kuangalia sana, hajatunga kitu, amejifunza tu kwamba hapana inafupisha kazi. Supavaiza achague kaya chache kila wiki arudi mwenyewe aulize maswali machache, na wadodosaji wajue kwamba anarudi.

Ukirudi awamu ya pili tableti iwe na orodha ya wanakaya wa zamani, jina, jinsia, umri, uhusiano, ili mdodosaji athibitishe ni yule yule. Ila majibu ya hela ya zamani usimwonyeshe kabla hajauliza, atamsaidia mhojiwa kukumbuka kile kilichoandikwa. Baadaye kwenye kusafisha ndio linganisha, na likionekana ajabu, shamba ekari mbili limekuwa ishirini, piga simu ukiwa bado uko mkoa huo, ukishafika Dar hakuna anayekumbuka.

Watakaopotea watakuwepo tu, kule Kagera 2004 kaya 93% za mwanzo zilipatikana na hiyo inahesabiwa ni kazi nzuri mno kwa miaka zaidi ya kumi. Muhimu andika kila aliyepotea kapoteaje, amefariki, amekataa, amehama hajulikani, maana wanaopotea wengi ni vijana na wanaopanga vyumba mjini, na anayekuja kukokotoa uzito wa sampuli, yaani kila kaya iliyobaki iwakilishe kaya ngapi, anahitaji hizo sababu.

Mwisho ni utunzaji. Majina, namba za simu na GPS vikae faili tofauti na majibu, vyenye nywila, tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022 na hata kama isingekuwepo hawa watu wamekuambia deni lao na watoto wao waliofariki. Wachambuzi wapewe namba tu. Lakini kufungia sana nako kuna shida yake, mradi unaisha, ofisi inafungwa, miaka mitano baadaye hela ya awamu mpya inapatikana na hakuna anayejua nywila iko wapi. Waandikwe watu wawili wa kulitunza hilo faili, taasisi mbili ikiwezekana, na kila Januari mmoja wao alifungue aone kama bado linafunguka. Lisikae kwenye laptop ya mratibu ambaye mkataba wake unaisha Juni.