Mkuu, usiwatajie nusu ya deni. Afadhali unyamaze kabisa

Usiutume huo ujumbe. Kama umeshauandika kwenye grupu la familia na unasubiri Jumapili, ufute sasa hivi, salamu tutapeana baadaye.

Umesema una madeni manne na mkeo anajua moja. Jumapili unataka kuwaambia ndugu zako "kidogo kidogo": uanze na mkopo wa benki na hela za mfanyakazi mwenzako, hayo mawili ya mtandaoni utapambana nayo mwenyewe kimyakimya. Ukauliza pia kama uwaambie marafiki, na kama uunganishe mikopo yote iwe mmoja. Nimesoma nikajiona mwenyewe. Hiyo "kidogo kidogo" nilishaifanya, na imenigharimu kuliko riba zote nilizowahi kulipa, na mimi nimelipa riba za kutosha kusomesha watoto wa wakopeshaji hadi chuo.

Yangu yalikuwa matano. Tuseme jumla ilikuwa 100, maana tarakimu zenyewe mpaka leo zinanipandisha presha. Katika hiyo 100, 40 yalikuwa madeni ya heshima: mkopo wa benki wenye mkataba na mhuri, na hela za rafiki. Hayo unaweza kuyataja umekaa wima. Zile 60 zilizobaki zilikuwa kausha damu tupu, yaani mikopo ya riba ya kunyonya: mikopo miwili ya kujaza fomu kwenye simu usiku wa manane, na mmoja wa jamaa ambaye ofisi yake ni namba ya simu. Hizo nilizikopa ili nipate rejesho la zile za heshima. Unaelewa ilivyo, unakopa huku unalipa kule, na kila mtu nyumbani anajua unalipa vizuri.

Nikamwambia kaka yangu 40.

Kaka si mtu wa maneno mengi. Alichukua bahasha iliyokuwa mezani, akaigeuza, akaandika kwa nyuma: anayedai nani, kiasi gani, rejesho tarehe ngapi. Akapiga mstari. "Ni haya tu?" Nikasema ni haya tu. Akajumlisha, akauliza tena, kalamu bado ameishikilia juu ya karatasi: "Kama kuna lingine sema, nipange mara moja." Chini ya ule mstari palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa, majina matatu yangekaa bila kubanana. Nikasema hakuna. Na usicheke, nilitoka pale najiona jasiri. Mwanaume nimefunguka!

Kaka akavunja akiba yake akalipa 40 zote.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye hasara na sijaona mchangiaji hata mmoja hapo juu aliyepagusa. Watu wanadhani ubaya wa kutaja nusu ni kwamba utaumbuka. Kuumbuka kupo, nakuja huko. Ila ubaya wa kwanza ni wa hesabu. Deni unaloona aibu kulitaja ndilo deni ghali. Nani anaficha mkopo wa riba nafuu wenye karatasi zake? Tunaficha ule tuliouchukua tumebanwa, na aliyebanwa hasomi asilimia, anasoma "pesa itaingia ndani ya dakika tano". Kwa hiyo ukitaja nusu, utataja nusu ile ya bei nafuu, na msaada wote wa familia utaishia kwenye deni ambalo lingeweza kusubiri.

Zile 60 zangu zilikuwa zinakwenda asilimia 5 kwa mwezi, riba juu ya riba. Chukua simu yako upige hesabu: 60, asilimia 5 kwa mwezi, nusu mwaka unapiga kalenda hulipi kitu. Inafika 80. Adhabu za kuchelewa sijaweka. Yaani kaka katoa 40 za jasho lake, na deni langu likashuka kutoka 100 hadi 80. Nusu ya hela yake imeyeyuka, hakuna aliyekula zaidi ya mkopeshaji. Angezipeleka 40 zilezile kwenye kausha damu, huku zingebaki 20, na kwa muda uleule zingefika 27 hivi. Benki ningeendelea nayo taratibu kwa rejesho la kila mwezi kama nilivyokuwa nafanya. Lakini angezipelekaje kwenye deni asilolijua?

Na asilimia 5 ni ustaarabu. Wapo wanaokuambia "asilimia 10 tu". Uliza, kwa mwezi au kwa mwaka? Deni la 100 kwa asilimia 10 kwa mwezi, riba juu ya riba, baada ya mwaka ni karibu 314. Hayo mawili yako ya mtandaoni unayotaka kuyamaliza "mwenyewe kimyakimya", hebu kaangalie riba yake ni ya mwezi au ya wiki, halafu uniambie huo ukimya unakugharimu kiasi gani kila Jumatatu.

Haya, kuumbuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye madeni huumbuliwa na meseji. Google ilikataza mwaka 2023 programu za mikopo zilizoko kwenye duka lake zisisome orodha ya namba na picha zilizomo kwenye simu ya mteja, kwa sababu wakusanya madeni walikuwa wanawapigia hadi watu usiowakumbuka. Vizuri sana. Lakini mimi hakuna aliyeniibia namba. Kwenye ile fomu kuna sehemu ya kujaza watu wawili wa karibu watakaotafutwa usipopatikana, na mimi kwa mkono wangu nikaweka namba ya kaka. Mkopeshaji alimjua kaka yangu kabla kaka yangu hajamjua mkopeshaji. Rudi ukaangalie na wewe uliweka nani. Nasubiri. Kama ni mkeo au mmoja wa hao ndugu wa Jumapili, basi swali lako la "niwaambie au nisiwaambie" limeshajibiwa na mtu mwingine, kilichobaki ni tarehe.

Meseji ya mkopeshaji ikamfikia kaka, naye akanitumia kama ilivyokuja, chini yake akaandika, "Hili lilikuwa wapi siku ile?"

Na hapo, mkuu, ndipo nilipofanya kioja cha pili. Nilimpigia nikaomba radhi kwa sauti ya kukaribia kulia, nikamwambia sasa naeleza kila kitu, nikamtajia 50. Wakati zilikuwa 80. Sijui nilikuwa nawaza nini, nadhani mdomo ulishazoea. Yule jamaa wa mkononi, mwenye ofisi ya namba ya simu, sikumtaja, kwa kuwa hana programu wala meseji za kutumwa peke yake. Ana miguu lakini. Alikwenda kwa shemeji yangu.

Tangu siku hiyo kila namba niliyotaja kwenye ukoo wetu ilizidishwa mara mbili. Nikisema nimebakiza 10, wanasikia 20. Nilipomaliza kabisa kulipa, nikiwa na karatasi za kufunga mikopo mkononi, dada yangu aliniuliza kwa upole kabisa: "Umemaliza yale ya kwetu, au ya kweli?" Nilicheka, ningefanya nini. Na kaka hajawahi kunigombeza mpaka leo, ila siku nilipohitaji mdhamini wa kitu halali kabisa, kidogo tu, alisema anasafiri. Hakusafiri.

Nani alinishauri? Mfanyakazi mwenzangu, tena nilimfuata mwenyewe kwa kuwa ana sauti ya mtu aliyewahi kuendesha benki. Akaniambia, "Taja nusu. Ukitaja yote watakukimbia. Nusu watabeba wao, nusu utabeba wewe, hakuna atakayeumia." Nikaona hekima hiyo! Haki kwa wote! Baadaye sana nikaja kujua kuwa yeye na mimi tulikuwa wateja wa jamaa yuleyule wa mkononi. Mtu ananielekeza njia ya kutoka shimoni kumbe tumo shimo moja, tena yeye kaingia kabla yangu. Nikikutana naye siku hizi ananisalimia kwa furaha. Mimi naitikia, lakini nahesabu vidole baada ya kupeana mkono.

Na kuna hawa wa humu wanaokuandikia "dawa ya deni kulipa" wakidhani wamekusaidia. Asante, daktari. Yule aliyesema mwanaume hubeba mzigo wake asimwambie mtu, huyo angalau nusu yuko sawa kuliko mimi wa wakati ule: anayenyamaza hajapoteza hela ya mtu wala hajaharibu neno lake. Ukinyamaza leo, kesho bado unaweza kusema na ukaaminika. Ukitaja nusu leo, kesho hata ukweli wako utaonekana ni nusu nyingine. Kwa hiyo ni yote au kimya, katikati hapana.

Isipokuwa watu wawili ambao kimya hakiruhusiwi. Wa kwanza mkeo, maana mnakula kutoka mfuko mmoja, na kama kuna kitu cha pamoja kimewekwa dhamana, siku ya kuchukuliwa haitachukuliwa nusu yako tu. Wa pili ni yeyote aliyekusainia udhamini. Mdhamini si shahidi wa sherehe. Katika mikataba mingi mkopeshaji anaweza kumdai yeye deni lote, si sehemu, na pengine bila hata kuhangaika na wewe kwanza. Huyo aambiwe kabla hujakosa rejesho la kwanza, siyo baada ya barua kufika.

Sasa Jumapili. Sahau grupu. Kwenye grupu watu ishirini watasoma, kumi na wanane watakuwekea mikono ya maombi, mmoja atakupigia, na mmoja atapeleka picha ya ujumbe wako nje. Kaa na mkeo kwanza, nyie wawili, simu zikiwa chumba kingine. Lakini kabla ya kukaa, wapigie wote wanne, au nenda, uulize swali moja tu: kiasi cha kufunga mkopo leo ni kiasi gani, adhabu na ada zote zikiwemo? Wakupe kwa maandishi. Usijumlishe marejesho yaliyobaki mwenyewe. Namba hiyo na ile ya kufunga leo mara nyingi hazilingani, na usitumie ile unayoikumbuka kichwani, ya kichwani huwa imepunguzwa bila wewe kujua. Kisha andika kuanzia lile unaloona aibu zaidi. Liwe la kwanza juu kabisa, lenye riba yake pembeni. Kama mkono unasita kuliandika, basi umelipata.

Na siku ya kulisema usiombe hela. Najua unadaiwa kesho, najua. Lakini ukitaja deni na kuomba msaada kwa pumzi moja, mtu ataanza kulijibu ombi, na ataanza kukagua kama unamdanganya. Siku hiyo ni ya karatasi tu. Mwache aulize maswali ya kijinga, mwache akasirike, mwache alale nalo. Kaka yangu alikuwa na 40 za kutoa na kichwa cha kupanga. Mimi nikachukua zile 40, kichwa nikakikataa, na kichwa ndicho kilichokuwa na thamani.

Ukishamaliza kuandika, rudi utupie jumla hapa, jina lako hatulihitaji. Ila ikiwa imeishia na sifuri tatu au nne zilizopangana vizuri, nitajua umekadiria. Deni lenye riba halikai kwenye namba nzima, lina vichenji mkiani. Piga simu tena.