Kabla ya kuondoa diski kwenye nakala rudufu za seva

Kabla hujaondoa diski yoyote kwenye sera ya nakala rudufu (kanuni zinazosema nini kinakiliwa), jiulize: siku seva hii ikirejeshwa bila diski hiyo, itawaka na huduma zake zitafanya kazi? Wengi huangalia ukubwa tu. Diski ya terabaiti 2 inakula nafasi, basi wanaiondoa, bila kujua mle ndani mna nini.

Jua kwanza kilichomo. Kwenye Linux tumia `lsblk -f` na `findmnt`. Kwenye Windows, `mountvol` hukuonyesha kitambulisho cha kila volyumu (sehemu ya diski yenye mfumo wake wa faili). Inapowezekana, andika sera kwa kitambulisho hicho au, kwenye Linux, UUID (kitambulisho cha mfumo wa faili kisichobadilika diski ikihama). Herufi E: inaweza kuhama, na `/dev/sdb` ya leo inaweza kuwa `/dev/sdc` seva ikiwashwa upya. Angalia pia LVM, mfumo wa Linux unaounganisha diski kadhaa kuwa kundi moja: kundi likitandaa kwenye diski mbili, ukiacha moja nje umeharibu zote.

Diski ya swap (nafasi ya kusaidia kumbukumbu ya RAM), ya kache inayoweza kujengwa upya, na ile inayotunza nakala rudufu zenyewe, hizo ziondoe kwenye sera bila wasiwasi. Tempdb, hifadhidata ya muda ya SQL Server, nayo huundwa upya kila huduma inapowaka. Lakini kinachoundwa ni faili, si folda. Ukirejesha seva bila diski iliyokuwa na `T:\tempdb`, SQL Server itagoma kuwaka. Itabidi uweke diski tupu, uipe herufi T:, uunde folda ile ile, kisha uipe akaunti ya huduma haki ya kuandika humo. Hatua hizi ziandikwe kwenye maelezo ya sera, maana atakayerejesha saa nane usiku huenda asiwe wewe.

Linux inakwamia kwenye `/etc/fstab`, faili inayoorodhesha diski za kupachika seva inapowaka. Mstari wa diski isiyokuwepo huifanya systemd (programu inayoendesha uwashaji) isubiri, kwa kawaida sekunde 90, kisha seva inaangukia hali ya dharura. Ongeza `nofail`:

`UUID=... /kache ext4 defaults,nofail 0 2`

Diski yenye `pg_wal` ya PostgreSQL au faili za .ldf za SQL Server (kumbukumbu za mabadiliko ya hifadhidata) usiiondoe kwenye sera, hata kama inajaa haraka. Bila hizo, faili za data ulizozihifadhi kwa uangalifu wote hazitafunguka salama.

Sera huandikwa kwa namna mbili: kutaja cha kuacha, au kutaja cha kuchukua. Mimi huchagua ya kwanza kila zana inaporuhusu. Diski mpya ikiongezwa, inaingia yenyewe. Ukisahau, utaona nafasi imepungua na utashtuka. Kwa namna ya pili diski mpya inabaki nje, ripoti inaendelea kusema kazi imefanikiwa, na hakuna anayejua mpaka siku ya msiba. Kwenye Windows Server, `wbadmin`, amri yake ya nakala rudufu, hudai utaje volyumu za kuchukua, kwa hiyo kila diski mpya ifuatwe na marekebisho ya sera. Usiandike `-include:C:` peke yake. Ongeza `-allCritical` ili patisheni ya kuwashia, isiyo na herufi, nayo iingie.

Mtego kama huo uko kwenye chaguo la `--one-file-system` la tar na restic, zana za kunakili faili. Inaishia kwenye mpaka wa mfumo wa faili, hivyo `/home` yenye patisheni yake inaachwa kimyakimya. Taja zote:

`restic backup --one-file-system / /home /boot /boot/efi`

Kwenye VMware, programu ya mashine pepe, diski iliyowekwa kuwa `independent` haiingii kwenye snapshoti (picha ya papo hapo ya mashine, ambayo nakala rudufu nyingi huitegemea), hata kama hukuomba iachwe.

Ukishabadilisha sera, usitarajie nafasi irudi leo. Nakala za zamani bado zina diski ile mpaka muda wake wa kutunzwa uishe. Usizifute kwa mkono, kwani nakala za nyongeza, zinazohifadhi mabadiliko tu, huzitegemea. Badala yake rejesha seva kwenye mashine pepe isiyounganishwa na mtandao wa kazi, bila diski uliyoiacha. Skrini ya kuingia haitoshi: fungua hifadhidata, soma rekodi ya mwisho, andika rekodi moja mpya, kisha uwashe upya mashine hiyo na uangalie tena.