Kucheza na mtoto sio kupoteza muda wa biashara

Ndugu, umeuliza kama kucheza na mwanao kila jioni kunakurudisha nyuma kibiashara, mi nasema hapana kabisa, tena mwangalie anavyopanga matofali yake, anaweka, yanaanguka, anaweka kivingine, hakai wiki nzima anaandika mipango. Peter Skillman, mbunifu wa bidhaa, alikuwa na zoezi la vikundi kushindana kujenga mnara mrefu zaidi kwa tambi kavu 20 na peremende moja laini juu yake, dakika 18 tu, na watoto wa chekechea waliwashinda wanafunzi wa biashara sababu walianza kujaribu mapema wakawa wanarekebisha. Kwahiyo hiyo bidhaa yako toa sampuli wape wateja wachache kwanza. Halafu mtoto mchezo ukimchosha anakwambia hapohapo, mteja ananyamaza tu anaondoka, so muulize mwenyewe mapema.